Hivi kwanini kwenye gemu ni binti ndo anatekwa kila siku?

KasetiYaNjano:
Wakuu habari za jioni. Nimemwekea mtoto wa dada yangu Super Mario Bros ile ya 1985, ana miaka nane, kapambana kweli mpaka mwisho wa daraja, kagusa shoka, lile dude likadondoka kwenye moto, anaingia chumba cha pili anamkuta jamaa wa kichwa cha uyoga anamwambia asante Mario ila binti mfalme yuko kasri lingine. Kanigeukia, "Anko, sasa yeye huko anafanya nini muda wote huo?" Nikakosa jibu. Nimecheza hiyo gemu toka utoto na sijawahi kujiuliza. Makasri saba unaambiwa maneno yaleyale, la nane ndo unamkuta, kasimama tu. Walikosa hadithi nyingine?

fundi_pedi:
Mkuu ile gemu nzima ni kilobaiti 40, picha moja ya WhatsApp inaizidi. Sehemu ya kuweka maneno hamna, kwa hiyo ukitaka mchezaji ajue kwanini anakimbia unamwonyesha mtu wake kachukuliwa, hata asiyejua kusoma anaelewa. Donkey Kong ya 1981 vilevile, sokwe kambeba dada kapanda nae juu, basi, unaanza kuruka mapipa.

BintiPwani:
Kaka kwa za zamani nakuelewa, ila Zelda Ocarina of Time ni ya 1998, maneno tele. Binti mfalme Zelda kajificha miaka saba, kavaa kiume anajiita Sheik, kajifunga kitambaa usoni, kila Link, yule shujaa unayemchezesha, akikwama anatokea na kinubi anamfundisha wimbo, yaani ndo mtu anayejua kila kitu mule. Halafu anapojionyesha tu kwamba ni Zelda, gauni na taji, yule adui mkuu Ganondorf anamfungia ndani ya kioo palepale. Hiyo iliniuma sana na mpaka leo inaniuma. Kutekwa sio shida, yeyote anaweza kutekwa, shida akishatekwa hadithi inamsahau, anageuka zawadi ya mwisho wa njia. Gemu ya kwanza ya Zelda ni 1986 na mfululizo wenyewe umekuja kumpa nafasi ya kuongoza 2024, Echoes of Wisdom. Miaka 38 jamani.

Kisauni_2P:
Zawadi kabisa dada. Double Dragon ya mashine za kutumbukiza sarafu, 1987, inaanza dada anaitwa Marian anapigwa ngumi ya tumbo anabebwa begani kama gunia. Mimi na bro tulisaidiana hadi tukamuua bosi wa mwisho, tukajua tumemaliza, kumbe gemu inataka tupigane sisi wawili, atakayebaki ndo anampata. Marian mwenyewe hajaulizwa.

BintiPwani:
Afadhali Super Mario Odyssey ya 2017, Bowser, lile dude la kwenye daraja, anataka kumuoa Peach, yule binti mfalme wa Mario, kwa nguvu, Mario nae mwishoni anasogeza ua lake, wanasukumana wale wawili mbele yake, Peach anawakataa wote anaenda kupanda meli. KasetiYaNjano mpe mtoto Super Mario Bros 2, ile iliyotoka Marekani 1988, Peach unamchagua mwenyewe mwanzoni.

KasetiYaNjano:
Asante sana dada. Nimeipata jana. Kamchagua Peach, kagundua ukishikilia kitufe cha kuruka anaelea hewani, basi kila shimo lazima alivuke kwa kuelea hata lile dogo la kuruka kawaida. Nimemwambia ajaribu na Mario. Hataki.