Walimu wa madarasa ya vyuma asubuhi, mnaumiza watu

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaupunguza makali.

Darasa la kunyanyua vyuma kwa pamoja ni mazoezi mazuri sana likishikwa na mtu anayejua kazi. Lakini haya ya saa 12 asubuhi yanavyoendeshwa kwenye jimu nyingi ni uzembe mtupu. Mikono inarushwarushwa dakika mbili, muziki unapandishwa, na watu waliotoka kitandani sasa hivi wanaambiwa wainame wachukue chuma.

Nianze na huko kuinama. Diski zilizo kati ya pingili za mgongo hufyonza maji usiku ukiwa umelala, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala, kama sentimita moja au zaidi. Diski iliyojaa maji haikunjiki kirahisi. Ukiupinda mgongo wakati huo, mkazo unaozipata diski ni mkubwa kuliko ukiupinda vilevile jioni. Sehemu kubwa ya maji hayo ya ziada hutoka ndani ya saa moja ya kwanza ya kusimama na kutembea. Mwaka 1998 mtafiti Stover Snook na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wenye maumivu sugu ya kiuno: waliofundishwa kuepuka kuinama asubuhi mapema walipata nafuu. Si siri ya juzi hii. Halafu mwalimu anafungua darasa kwa dedilifti, yaani kuinama na kuinua chuma kutoka sakafuni!

Dedilifti na kuvuta chuma ukiwa umeinama vipelekwe mwisho wa kipindi. Mwanzoni ziwekwe skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni), pushapu na kusukuma chuma juu ya kichwa. Na kupasha misuli kuwe dakika 10: tano za kutembea haraka au baiskeli mpaka jasho lianze kutoka, zilizobaki ziende kwenye mazoezi yaleyale yatakayofanywa. Chuma kitupu marudio 10, kisha nusu ya uzito marudio 5, ndipo uzito wenyewe.

Sasa uzito. Chuma kirefu cha mashindano ya wanaume kina kilo 20, cha wanawake kilo 15. Vile vifupi vya darasani ni vyepesi zaidi na havifanani, ila anayeanza haambiwi hata hicho alichoshika kina kilo ngapi kabla ya sahani, yaani vile vyuma vya duara vya kuongeza uzito. Anajaza sahani kwa kumtazama jirani. Tena mapaja hubeba uzito mkubwa kuliko mabega, kwa hiyo kutoka skwati kwenda mabega lazima sahani zipunguzwe, na muda unaotolewa ni sekunde chache kati ya wimbo na wimbo. Matokeo yake watu wanaacha kufunga vibanio vya kuzuia sahani zisitoke. Chuma kikiinama upande mmoja, sahani ya upande huo inachomoka. Upande wa pili unabaki mzito peke yake, chuma kinapinduka na kumfuata aliyesimama pembeni. Kila chuma kifungwe vibanio viwili, na dakika moja kamili itolewe ya kubadilisha sahani. Wimbo usubiri.

Linaloudhi kupita yote ni mwendo. Skwati zinapigwa wimbo mzima bila kupumzika, mdundo ndio unaoamua. Mtazame mgeni mapaja yakishachoka: visigino vinanyanyuka, magoti yanaingia ndani, kiuno kinapinda, chuma kinateleza kutoka kwenye misuli ya juu ya mgongo na kukalia mfupa wa shingo. Huyo anatakiwa kusimamishwa palepale. Mwalimu yuko jukwaani anafanya mazoezi yake mwenyewe, anapiga kelele "bado nane!" Watu 30, hakuna hata mmoja aliyeguswa bega na kurekebishwa.

Na kuna hatari ambayo haitajwi kabisa. Mtu asiyezoea akipigishwa mamia ya marudio siku ya kwanza, misuli inaweza kuvunjika kiasi cha kumwaga vitu vyake kwenye damu na kuziumiza figo. Dalili ni maumivu makali yasiyo ya kawaida, misuli kuvimba na kukosa nguvu, mkojo kuwa wa kahawia kama chai isiyo na maziwa. Mara nyingi zinajitokeza siku moja hadi tatu baadaye. Msimwambie "misuli inajengeka". Aende hospitali siku hiyohiyo. Mgeni afanye nusu ya darasa wiki mbili za mwanzo, na aambiwe hivyo mlangoni.

Jibu: Mkuu, mengi nakubali, ila usiyaponde marudio mengi. Uzito mwepesi nao unajenga misuli vizuri tu, mradi seti, yaani marudio ya mfululizo, ifike karibu na kuchoka kabisa. Wengine bila darasa hawanyanyui kitu.

Mwanzisha uzi: Kwa ukubwa wa misuli uko sahihi, mkuu. Kwa nguvu, bado uzito mkubwa wa marudio machache na kupumzika dakika mbili tatu unashinda. Ila soma tena ulichoandika: "karibu na kuchoka kabisa". Hapo ndipo umbo la zoezi linapoharibika. Pushapu ukichoka unaweka magoti chini, kukunja mikono ukichoka unashusha chuma, basi. Skwati ukichoka, chuma kiko mgongoni, na pale darasani hakuna nguzo za kukipokea. Kuchoka kabisa kuwe kwenye mazoezi ya aina ile ya kwanza. Kwenye skwati na dedilifti mtu abakize marudio mawili au matatu, aweke chuma chini hata kama wimbo unaendelea.

Jibu: Na kumbukumbu je? Darasa zima hakuna anayeandika.

Mwanzisha uzi: Ndiyo, nilisahau hilo. Daftari dogo: zoezi, kilo pamoja na za chuma chenyewe, marudio yaliyotoka safi. Yakitoka safi yote vipindi viwili mfululizo, ongeza kilo 2.5 kwa jumla, yaani sahani ya 1.25 kila upande. Jimu isiyo na sahani za 1.25 inamlazimisha mtu kuruka kilo 5 kwa mpigo, na kwenye mabega hizo ni nyingi mno. Daini sahani hizo kabla hamjalipa ada.