Kitengo cha Uhusiano wa Umma kinaiongezea taasisi nini?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, kila bajeti inapobanwa, kitengo cha uhusiano wa umma ndicho hutajwa kwanza kupunguzwa. Je, kinaipatia taasisi faida gani ambayo idara ya masoko haiwezi kuitoa?

Mhasibu: Kila robo mwaka ninaletewa jalada lilelile la vipande vya magazeti, kila kimoja kimepimwa kwa rula na kuzidishwa kwa bei ya tangazo la ukubwa huo, kisha jumla yake inaitwa thamani, ingawa hata habari zinazotusema vibaya zimo katika hesabu hiyo. Kwa maoni yangu, tunawalipa watu wa kupamba uongo.

Afisa Uhusiano: Ndugu Mhasibu, hilo la kupamba uongo siwezi kulinyamazia. Nimewahi kukataa kutoa taarifa nisizoziamini, tena ajira yangu ikiwa hatarini. Mwaka 1906, treni ya Pennsylvania Railroad ilipotumbukia majini huko Atlantic City, Ivy Lee, mmoja wa waanzilishi wa fani yetu nchini Marekani, aliwaandikia waandishi wa habari taarifa ya ajali ile, wakati ambapo kampuni za reli zilizoea kuficha.

Msomaji wa historia: Umemtaja Lee ukamruka Edward Bernays, mwanzilishi mwenzake wa fani hiyo, ambaye mwaka 1929 alipanga wanawake wavute sigara hadharani katika gwaride la Pasaka jijini New York, ionekane ni harakati ya uhuru, kumbe anayelipa ni kampuni ya sigara. Huo nao tuuite nini?

Afisa Uhusiano: Ulikuwa udanganyifu, wala siutetei. Hata hivyo, mhasibu akighushi vitabu, hakuna anayedai idara ya uhasibu ivunjwe.

Mhasibu: Uhasibu usiuingize humu. Vitabu vyetu hupitiwa na mkaguzi wa nje; taarifa zenu hukaguliwa na nani?

Mwandishi wa habari: Sisi ndio tunaozikagua. Nikipiga simu jioni, afisa anayelifahamu jambo hunijibu, hata kama jibu ni kwamba uchunguzi unaendelea. Aliyefichwa jambo na wakubwa wake huzima simu, nami huandika nilichopewa na upande wa pili.

Mjumbe wa bodi: Tusisahau Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu. Mwaka 1982 watu saba walifariki katika eneo la Chicago baada ya kumeza kapsuli za dawa hiyo zilizotiwa sumu ya sianidi. Johnson & Johnson iliyomiliki dawa hiyo iliwaonya watu wasizitumie, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, kisha ikarejea sokoni na vifungashio vinavyoonyesha kama vimechezewa.

Mhasibu: Chupa ziliondolewa kwa amri ya uongozi, si kwa taarifa kwa vyombo vya habari.

Mjumbe wa bodi: Ndiyo hoja yangu, ndugu. Anayejua umma utalipokeaje jambo anapaswa kuwamo kikaoni kabla ya uamuzi, kwa sababu taarifa nzuri haiwezi kuokoa uamuzi mbaya. Taasisi nyingi humwita afisa huyo saa ambayo waandishi wameshafika langoni.

Afisa Uhusiano: Nakubali. Kuhusu vipimo, mwaka 2010 wataalamu wa fani hii walikubaliana Barcelona kwamba bei ya tangazo si thamani ya mawasiliano.

Mhasibu: Basi nionyesheni maamuzi mliyoyazuia au kuyarekebisha kabla hayajatangazwa, nami nitayapeleka kwenye kikao cha bajeti.

Afisa Uhusiano: Ili nikuonyeshe, ni lazima kwanza niitwe kwenye vikao vinakofanyiwa maamuzi hayo.