Tupeane uzoefu: ufundi ulioupata kwa kutazama tu

Sindano: Nimeona mtu anafundishwa kufuma nikakumbuka yangu. Mwalimu anapiga vitanzi huku anapiga soga. "Umeona?" Nimeona. Napewa sindano, vidole vinagoma. Nyie mlitokaje?

Mashoto: Sisi wa kushoto ndiyo usiseme. Ukikaa pembeni yake kila kitu kinakuja kinyume. Kaa uso kwa uso naye, mfuate kama unajitazama kwenye kioo.

Fundi Rodi: Mimi kutazama ndiko kuliniponza. Najifunza kuchomelea, kinyago ni kimoja na kakivaa fundi. Ananiambia usitazame moto, tazama mkono. Sasa mkono uko wapi kama si kwenye moto? Rodi ya kuchomelea ilale kidogo, isigande kwenye chuma wala isiachane nacho, mkono uende bila kusita: yote hayo yako pale pale kwenye mwanga. Nikatazama. Mchana kimya. Usiku wa manane naamka macho yamejaa mchanga, machozi yanachuruzika, hata mwanga wa simu siutaki. Nikajua ndiyo basi, nimepofuka. Daktari akasema mionzi imeunguza sehemu ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Nikapona, ila kwangu mwanafunzi hashiki hata ufagio bila kinyago.

Kimya Kingi: Duh. Pole mkuu.

Mtu Pembeni: Ungeweka maziwa.

Sindano: Maziwa ni ya chai. Macho mpelekee daktari.

Mbishi: Mnatisha watu bure. Mkenya Julius Yego alijifunza kurusha mkuki YouTube, 2015 akabeba dhahabu ya dunia Beijing, mita 92.72. Fundi wa nini?

Fundi Rodi: Imalizie basi. Kabla ya hiyo dhahabu alishapita Finland kwa kocha. Na alikuwa anatazama, anakwenda kurusha, anarudi kutazama. Wewe unatazama umelala.

Mbishi: Nimelala, ila kichwani narusha.

Mashoto: Hao ndio waliopimwa na watafiti Kardas na O'Brien, 2018. Waliotazama video ya kurusha vishale mara 20 walijiona wakali kuliko waliotazama mara moja. Kupewa vishale, ngoma droo.

Mbishi: Video yenyewe ilikuwa mbovu.

Kimya Kingi: Mimi nazima sauti, napunguza kasi hadi nusu. Maneno yanachanganya.

Sindano: Mimi bila maneno sioni kitu!

Mtu Pembeni: Ya kuogelea msipunguze kasi, mtazama taratibu.