Baba anatumia mofini, siku ya tano hajapata choo. Nipunguze dozi?

Mleta uzi: Habarini wakuu. Baba ana saratani iliyofika kwenye mifupa. Wiki ya pili sasa anakunywa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa 4. Juzi alikaa kitandani akanyoa ndevu mwenyewe, jambo ambalo hakuliweza mwezi mzima. Lakini hapati choo, na shangazi anasema tunamgeuza teja. Jana usiku nikampimia nusu dozi. Alfajiri nikamkuta ameuma shuka. Nifanyeje?

Nesi wa zamu: Pole sana dada. Mrudishie dozi aliyoandikiwa. Mofini hushika vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo dawa hujishikiza, vya kwenye ubongo na uti wa mgongo, maumivu yakazuiwa njiani. Vipokezi hivyohivyo viko pia kwenye utumbo: vikishikwa, utumbo unazembea kusukuma, maji ya kinyesi yananyonywa, kinabaki kigumu kama kokoto. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo mwili huzoea, kufunga choo hauzoei. Ndiyo maana dawa ya choo huanzishwa pamoja na mofini. Inaniuma kwamba hamkuambiwa. Wapigie leo waliomtibu. Akitapika, au tumbo likivimba na hata upepo hautoki, mpelekeni hospitali hapohapo.

Niliyemuuguza mama: Sisi tulimjaza mama matunda, wapi! Kilichomsaidia ni sena, dawa ya choo, maana inauamsha utumbo usukume. Uliza kuhusu hiyo.

Mleta uzi: Asanteni. Na hili la uteja?

Nesi wa zamu: Mwili kuzoea dawa si uraibu. Yeyote aliyetumia wiki kadhaa akikatishwa ghafla atapata arosto: jasho, miayo, kuhara. Kwa hiyo hupunguzwa kidogokidogo, na daktari. Mraibu huisaka dawa hata ikimharibia maisha. Baba yako anaihitaji ili aweze kunyoa ndevu. Wewe chunga pumzi. Ukimwita haamki, anapumua taratibu mno, mboni zimesinyaa kama nukta, ita msaada wa dharura. Ipo nalokisoni, inayoing'oa mofini kwenye vipokezi. Na pombe au diazepamu (dawa ya kutuliza na kuleta usingizi) asipewe bila daktari kujua.

Mleta uzi: Nimewapigia, wamesema twende leo na chupa zote za dawa. Dozi ya mchana nimempa kamili. Amelala, nimekaa pembeni nahesabu pumzi zake: 14 kwa dakika.