Seli nyekundu ya damu haina kiini: je, bado ni yukarioti?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu
Habari zenu, wanajamvi. Juzi nilieleza darasani kwamba seli ya yukarioti ni ile ambayo DNA yake imefungiwa ndani ya kiini chenye utando, ndipo mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa seli nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini, kwa nini tusiiweke kundi moja na bakteria? Nilimjibu kwamba ni suala la asili yake, lakini mimi mwenyewe sikuridhika na jibu hilo. Linalonitatiza zaidi ni kwamba katika slaidi ya damu tuliyoazima zahanati, baadhi ya seli hizo zina nukta nyekundu-zambarau ndani yake. Je, hicho si kiini?

Mzee wa Hadubini
Ndugu mwalimu, mwanafunzi wako ameona upungufu ulio katika fasili yenyewe. Seli nyekundu huanzia katika uboho ikiwa seli kamili, yenye kiini, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) na ribosomu (viwanda vya protini) tele zinazotengeneza himoglobini, yaani protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kadiri himoglobini inavyojaa, kiini husinyaa, husukumwa pembeni, na hatimaye hutolewa nje kikiwa kimefunikwa na utando mwembamba, kisha humezwa na seli walaji zilizo jirani. Mitokondria nazo huvunjwa. Kinachobaki kuzunguka mwilini ni kifuko cha himoglobini chenye kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, kilichobonyea pande zote mbili, ambacho hudumu siku 120 hivi na hakiwezi kugawanyika wala kujitengenezea protini mpya. Bakteria hana kiini, lakini DNA yake anayo, ribosomu anazo, na hujigawa. Seli nyekundu imevua; bakteria hajawahi kuvaa. Na ajabu ni kwamba seli hiyo, inayobeba karibu oksijeni yote ya damu, yenyewe haiitumii, kwa kuwa bila mitokondria hujipatia nishati kwa kuvunja glukosi pasipo oksijeni.

Fundi wa Maabara
Kuhusu nukta, ikiwa slaidi ilipakwa rangi ya Giemsa na nukta imeshikamana na kipete chembamba cha buluu, mfano wa pete yenye kito, basi unachokiona ni kiini kweli, ila si cha seli nyekundu. Ni kiini cha kimelea cha malaria, na ile buluu ni saitoplazimu yake, yaani ujiuji unaozunguka kiini. Kimelea huyo, Plasmodium, ni yukarioti wa seli moja aliyejificha ndani ya yukarioti mwingine aliyepoteza kiini. Ukitaka kulinganisha, tafuta seli nyeupe katika slaidi hiyo hiyo. Kiini chake ni kikubwa, cha zambarau iliyokolea, na mara nyingi kimegawanyika vipande viwili hadi vitano vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba.

Mwalimu wa Kidato cha Tatu
Nashukuru sana. Pete ndizo hasa tulizoziona. Je, kimelea hicho kina sehemu nyingine kama za seli zetu?

Fundi wa Maabara
Anazo: mitokondria, retikulamu ya endoplazimu na vifaa vya Golgi, ingawa kwa hadubini ya shule hutaziona. Anacho pia kiungo tusicho nacho sisi, apikoplasti, ambacho ni ndugu wa kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli za mimea), chenye DNA na ribosomu zake, ila hakifanyi usanisinuru. Asili yake ni mwani uliomezwa na mababu wa kimelea huyu. Ndiyo maana doksisaiklini, dawa ya bakteria, humdhuru: huzuia ribosomu za apikoplasti, ambazo zinafanana na za bakteria.

Mzee wa Hadubini
Naongeza moja la vitendo. Siku kuku akichinjwa, paka tone la damu yake kwenye kioo, ulikaushe na ulitie rangi ile ile. Seli nyekundu za ndege zina umbo la yai na kila moja ina kiini chake katikati, kwa hiyo mwanafunzi wako ataona kwa macho yake kile ambacho seli zetu zilikiacha kwenye uboho.