Riwaya ya kulipia imenila 31,000 halafu fitina yote ikaishia kwenye chungu cha maji!!!

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba huu uzi msiupeleke kule kwenye vichekesho maana mimi hapa sicheki kabisa.

Niko Kirumba, Mwaloni, hapa Mwanza kando ya Ziwa Viktoria, biashara yangu dagaa. Wanaoijua kazi hii wanajua mbalamwezi ikishakuwa kali dagaa haziji kwenye taa, mitumbwi inalala na sisi wanunuzi tunalala nayo, siku kadhaa kila mwezi upo tu umekaa kwenye magunia matupu unakuna kichwa. Ndo nilivyoanza kusoma hizi simulizi za kwenye simu. Wengine wanabeti, mimi nasoma, kila mtu na ugonjwa wake.

Sasa kuna jamaa simtaji jina wala grupu lake, wenye kumjua mmeshamjua. Anaandika historia mbadala imechanganywa na mizimu, sehemu ya 1 mpaka ya 10 bure, kuanzia ya 11 unatuma mia tano anakurushia. Nimesoma mpaka ya 72. Sehemu 62 mara mia tano, pigeni wenyewe hesabu. Elfu thelathini na moja!

Na niseme ukweli, mwanzo jamaa alikuwa moto. Wazo lake lilikuwa hivi. Mwaka 1858 wale wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walikuwa Tabora, enzi zile wanapaita Kazeh, Burton anaumwa akabaki, Speke akapanda kaskazini na wapagazi na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa hapa hapa kwetu Mwanza. Jamaa akageuza hapo tu. Mizimu ya ziwa inampiga upofu Speke kabla hajaondoka Kazeh (na kweli macho yalimsumbua sana safari ile, kwa hiyo unaona kabisa mtu kasoma kabla ya kuandika), wazungu wote wawili wanarudi pwani, ziwa linabaki halijulikani Ulaya kwa miaka thelathini. Bunduki za Waarabu zinaingia, Baganda wana mitumbwi yao ya vita, watemi, yaani machifu, wa huku kusini kila mmoja anataka awe mkubwa. Umeona hiyo? Kageuza kitu KIMOJA halafu kaacha dunia ijipange yenyewe.

Sehemu ya 11 mpaka ya 30 na kitu nilikuwa nasoma naacha ugali unapoa. Kwa wasio wa huku, zamani mtemi wa Kisukuma hakuwa mtu wa kufanya anavyojisikia, kulikuwa na banang'oma, wazee wa ikulu, ndo wanaomsimika na ndo hao hao wanaweza kumtoa, na mvua isiponyesha lawama ni ya mtemi. Jamaa akaichukua hiyo akaitengenezea fitina ya hatari. Ukame mwaka wa pili, mganga wa mvua ni wa kweli kabisa, akiita mawingu yanakuja, kwa hiyo nani anagombaniwa? Mganga! Kambi ya mtemi inampa ng'ombe aite mvua, banang'oma wanampa ng'ombe aicheleweshe mpaka mtemi achokwe na watu, na yeye anapokea kotekote, kila akiulizwa anasema mawingu yameenda Ukerewe kusalimia yanarudi. Nilicheka mpaka jirani yangu wa kizimba cha pili akaniuliza kama nimeshinda mkeka. Hapo uchawi ndo unazalisha fitina bana. Una uchawi, sawa, ila una bei, una mwenyewe, na mwenyewe ananunulika.

Halafu kulikuwa na yule dada wa mtemi. Aisee. Watemi wengi wa huku zamani kiti kilikuwa hakiendi kwa mtoto wa mtemi, kinaenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake. Sasa fikiria dada mtu, ana mtoto wa kiume mdogo na binti mkubwa mwenye akili kama sumu, kakaa kimya jikoni sehemu ishirini nzima anahesabu nani anakula kwa nani. Hapigi kelele, hatishii mtu, anatuma tu pombe kwa wazee na binti yake ndo anaibeba, anaweka kibuyu chini anasikiliza anarudi kusimulia. Mimi nilikuwa nawaogopa wale wanawake wawili kuliko majini yote ya humo ndani.

Sasa sijui kilitokea nini. Kuna tetesi kwamba toka ya 40 anaandika mtu mwingine, mimi sijui, ila ukisoma unahisi kabisa mkono umebadilika.

Ya 41 ghafla anatokea mtoto wa kiume wa mtemi, shujaa, kifua hivi, anaitwa mrithi halali. Mrithi wa nini?? Wewe mwenyewe umetuambia sehemu ya 14 kiti kinaenda kwa mpwa! Yule dada sehemu ishirini anapika pombe ya nini basi kama dogo alikuwepo muda wote? Na hakuna hata mzee mmoja wa banang'oma anayeshtuka kwamba mila imepinduliwa. Kama umeamua kuipindua ipindue, hiyo yenyewe ni vita ya sehemu kumi, wazee wagawanyike, damu imwagike, ningelipa. Ila yeye kasahau tu.

Ya 44 karamu ikulu, mwaka 1887, wanakula SANGARA wa kukaanga. Wakuu mimi nauza samaki. Sangara kaletwa ziwa hili na Waingereza miaka ya 1950, hata huyu sato mkubwa tunayejidai naye leo kaletwa miaka hiyo hiyo. Enzi za watemi watu walikula ngege, ningu, furu, kambale, dagaa. Nikamwandikia inbox kistaarabu kabisa, kaka hapo kwenye sangara rekebisha. Akanijibu "mkuu hii ni fantasia samaki ni wa kubuni". Sasa kama ni wa kubuni mpe jina la kubuni bana!

Ya 47 wahusika wanasema wamevuka Ziwa Viktoria wanaingia upande wa Uganda wakitokea Tanganyika. Nilizima simu nikatoka nje nikaangalia ziwa. Viktoria kaliita hivyo nani wakati Speke umempofusha mwenyewe akarudi pwani? Upande wa Uganda upi, mpaka upi? Ule mstari wa nyuzi moja kusini ya ikweta unaokata ziwa katikati waliukubali Waingereza na Wajerumani mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, wazungu ambao kwenye dunia yako hata hawajui kama kuna ziwa. Na jina Tanganyika kwa maana ya nchi limekuja baada ya vita ya kwanza ya dunia, kwenye 1920 huko, Waingereza walipokabidhiwa.

Tukae hapa kidogo maana hapa ndo kaniudhi zaidi. Ya 58 anamleta Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kapinduliwa, anakimbilia Bukumbi kwa mapadri. MAPADRI GANI? Stanley alikuja kulizunguka ziwa 1875 kuhakikisha alichosema Speke, akaongea na Kabaka Mutesa, barua ya kuomba wamisionari ikachapwa gazetini Uingereza, wamisionari wa Kiingereza wakafika 1877 na mapadri wa Kifaransa 1879. Umemtoa Speke, umetoa mnyororo mzima. Hao mapadri wako wamepita wapi, wamedondoka na mvua?

Na kinachouma, kisa chenyewe cha kweli kina fitina tamu kuliko alivyokiharibu. Septemba 1888 wakristo na waislamu wa Buganda waliungana wakamtoa Mwanga, akakimbia na mtumbwi kuja huku kusini, akafikia Magu kwa Waarabu, wale wakamkamua na kumweka kama mfungwa, akachomoka kwenda Bukumbi, hapo Misungwi, kwa mapadri wale wale ambao miaka miwili tu nyuma aliwachoma moto vijana wao Namugongo. Na wakampokea! Huku nyuma waliompindua wakageukana, Kiweewa, ndugu yake Mwanga waliyemweka kwenye kiti, hakukaa sana, wakristo wakafukuzwa, na yeye mwenyewe waislamu wakamtoa wakamweka Kalema, Kalema akamaliza ndugu zake wa ukoo wa kifalme, na hao wakristo waliofukuzwa wakatuma watu kuja huku kwetu kumwomba nani arudi awaongoze? Mwanga. Mchoma watu mwenyewe. Oktoba 1889 akarudi mjini kwake, akafurushwa tena, Februari 1890 ndo akakalia kiti vizuri. Kila mtu humo ana sababu, kila mtu ana deni, leo anambusu mkono mtu aliyemuulia mtoto jana kwa sababu kesho anamhitaji. Huhitaji jini hata mmoja hapo. Na ukitaka kumtia jini, mtie awe na yeye anadai chake kama wengine.

Haya, sasa chungu. Ya 52 yule shujaa wetu kifua anakiokota kisiwani chungu cha maji, ukichungulia unaona mtu yeyote popote anaongea nini. Bure. Hakina masharti, hakili mtu, hakichoki, hakimdanganyi. Nikasema moyoni ngoja, huenda baadaye kitageuka, kitamwonyesha uongo, au yule dada atakigundua aanze kukilisha maneno ya kupanga, si ndo ingekuwa tamu, mwanamke anajua anatazamwa anaongea ya kumpoteza. Wapi! Toka ya 52 mpaka ya 72, sehemu ishirini na moja, kila mtu akikaa kupanga njama jamaa anachungulia chunguni, asubuhi anawakamata. Njama, chungu, kamata. Njama, chungu, kamata. Mganga wa mvua naye kapotea, maana ya 60 shujaa anapewa na pete ya kuleta mvua muda wowote, kwa hiyo ukame hamna, na kama ukame hamna mtemi anaogopa nini, na kama mtemi haogopi kitu banang'oma ni wazee tu wamekaa kwenye vigoda.

Ya 72, ya mwisho, nimesoma na bando langu la mwisho. Chungu kinaonyesha siri za ikulu nzima mbele ya watu wote, kila msaliti analia anaungama, dada wa mtemi anaungama ukurasa NUSU. Mama aliyenyamaza sehemu arobaini eti anaanza kulia "nisameheni tamaa iliniponza". Yule hasemi hivyo! Yule angesema "na nyie mbona mlikunywa pombe yangu". Binti yake hatujaambiwa kaenda wapi. Chini yake tangazo, msimu wa pili shilingi elfu kumi mkupuo, lipia mapema.

Nikauliza kwenye grupu, kwa upole, kwamba binti yuko wapi na chungu kina masharti gani. Akaniondoa. Nikamtumia meseji ya kawaida, kaniblok. Skrinshoti ninazo.

NYONGEZA: Naona kuna wakuu hapo chini mnasema elfu 31 ni hela gani ya kulilia. Ni hela ya mtu, sikuiokota. Na hata ingekuwa mia tano, ukininunulisha dagaa halafu ndani ya gunia nikakuta mchanga siwezi kukaa kimya kwa sababu gunia ni moja.

NYONGEZA 2: Anayesema "ni hadithi tu kila kitu kinawezekana", sawa, ila kama kila kitu kinawezekana mimi naogopa nini nikisoma? Nilikuwa siachi kusoma usiku kwa sababu kuna vitu vilikuwa haviwezekani. Mtemi hawezi kuita mvua. Dada hawezi kukalia kiti. Wazee hawawezi kumtoa mtemi mvua ikiwepo. Ndo wakawa wanazungukana.

NYONGEZA 3: Wa "si uandike yako", nimekusikia. Mimi naandika kwenye daftari la madeni tu, ila wazee wa kule Kisesa wanaojua habari za banang'oma wapo, na makumbusho ya Bujora ipo hapo hapo, nauli ya daladala haifiki hata sehemu nne za huyu jamaa. Angeenda siku moja tu akasikiliza.

NYONGEZA 4: Nimeambiwa jana usiku karusha sehemu ya 73 bure kwa waliobaki kwenye grupu. Aliyenayo anirushie inbox tafadhali. Sisomi yote, nataka kujua tu yule binti wa dada yake mtemi yuko hai au kamuua.