Mama aongezewe mfupa ndipo awekwe meno? Naomba ushauri

BintiMalindi: Assalaam aleykum. Mama yangu, miaka 61, aling'olewa magego mawili ya juu zamani. Anatafunia upande mmoja, hata mkate wa mofa ameuacha, na yaniuma kumwona. Anataka meno ya kupandikizwa, yale ya skrubu ya titani. Daktari Mombasa amempiga picha, akasema mfupa uliobaki ni milimita 6, hivyo atauongeza kupitia tundu lile lile la skrubu, bila kupasua ufizi sana. Mama ana kisukari. Naye auliza: huo mfupa watoka wapi?

MwanaMkomani: Waaleykum salaam dada. Nimefanyiwa hiyo. Ni ganzi ya sindano tu, uko macho. Maumivu hakuna, ila kuna chombo kinagongwa polepole na kishindo chake chafika utosini. Mwambie mapema asishtuke. Baadaye asipenge kamasi kwa wiki mbili, akipiga chafya aachame, na dafu asinywe kwa mrija. Mimi nilikatazwa ndege, nikarudi Lamu kwa basi hadi Mokowe.

TabibuMeno: Dada, taya likikosa jino mfupa wake hupungua, na juu ya magego kuna sainasi, uwazi wa hewa, nao hushuka. Daktari huinua utando wa sainasi kidogo, akatia unga wa mfupa chini yake. Kwa milimita 6 njia hiyo yafaa, na mara nyingi skrubu hutiwa siku hiyo hiyo. Zingekuwa 3, angefunguliwa kidirisha ubavuni mwa taya, kisha angoje miezi 6 au zaidi. Kisukari hakimzuii kikidhibitiwa: apime HbA1c kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Je, anameza dawa za kuimarisha mifupa kama alendronate? Hilo daktari lazima alijue.

UstadhiShela: Kuhusu asili ya huo unga wa mfupa: uko wa ng'ombe uliosafishwa ukabaki madini tupu, wa binadamu aliyejitolea, wa kiwandani, na wa mgonjwa mwenyewe. Angalieni pia utando wa kolajeni (protini ya wanyama), ule wa kufunikia mfupa uliotiwa, kwani mwingi ni wa nguruwe. Wa ng'ombe upo, lakini uulizeni kabla ya siku yenyewe, si mama akiwa kitini amefungua mdomo.

BintiMalindi: Allah awalipe kheri. Dawa ya mifupa hatumii. Utando sikutajiwa kabisa, nampigia daktari kesho asubuhi. HbA1c tunapima Jumatatu, na jibu likiwa baya tutaahirisha mpaka sukari ishuke, hata mama akinuna.